Kosa Langu, Bibi Akaliombea Msamaha

Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu ndiye aliyenitia wazo hili kichwani. "Aika, wewe una mdomo," aliniambia siku nilipomaliza dawa. "Watu wanakuja hapa wamejifunika mitandio mpaka machoni. Waandikie, wajue kwamba mtu anapona." Nilicheka, nikamwambia nitaandika. Imepita miaka mitano. Kupona nilipona, hilo nalisema hata katikati ya barabara. Kilichonichelewesha ni kwamba siwezi kusimulia kupona kwangu bila kumsimulia bibi yangu, na nikimgusa bibi yangu inanibidi nijianike. Basi leo najianika.

Bibi mzaa baba alikuwa wa Old Moshi, kule juu ambako migomba imesongamana hadi huoni nyumba ya jirani. Alizaliwa lini hakujua. Ukimuuliza umri alikujibu kwamba kanisa letu lilipoezekwa mabati, yeye alikuwa tayari anakata majani ya ng'ombe. Sisi tulimkadiria tisini na kitu, tukaacha hapo. Alizaa watoto wanane, akazika watatu, baba yangu akiwa mmoja wao. Alifiwa na mume, mtoto wa mwisho akiwa bado mgongoni. Alishuka na mikungu ya ndizi kichwani hadi mjini, miguu mitupu, viatu amevitia kwenye kapu, anavivaa akifika kwenye lami ili watu wa mjini wasimdharau. Kahawa ilimjengea nyumba ya matofali. Kahawa ilipokosa bei wenzake waling'oa, yeye akakataa katakata. Alisema mti uliomsomeshea watoto hawezi kuupiga shoka kwa sababu umezeeka, maana na yeye anazeeka.

Mimi nilifika kwake nina miaka mitatu, baba amekufa na mama ameolewa kwingine. Nililala kitanda kimoja na bibi hadi nilipokwenda sekondari, na hata nilipokuwa mtu mzima, nikipanda nyumbani nililala naye palepale. Ndiye aliyenifundisha kuoka. Alikuwa na sufuria moja nzito, anaweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko, anakaa pembeni ananusa. Saa hakuwa nayo. Alijua kwa pua. Leo naishi Soweto hapa Moshi, naoka keki za harusi na za kipaimara, nina oveni ya umeme yenye vitufe vingi, na bado nanusa.

Nilianza kukohoa mwezi wa tisa. Nikanunua dawa ya maji ya kifua, ikaisha, nikanunua nyingine. Mashuka yakawa yanalowa jasho. Nikaanza kukonda, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokolea, kwa sababu nilifurahi. Wateja walikuwa wananisifia. "Aika umependeza, unakunywa nini?" Nikawajibu ndimu na maji ya moto. Kuna mama mmoja alifuata ushauri wangu hadi akapata vidonda vya tumbo. Sketi zikawa zinanizunguka kiunoni, nikazishika kwa pini, nikajiona msichana.

Ilipofika Desemba nilishaanza kuhisi kwamba ile haikuwa mafua. Desemba Mchaga asipopanda nyumbani ama ni mgonjwa ama amefungwa. Mimi nilikuwa mgonjwa, nikapanda. Ila nilijiona mwerevu. Nilibeba kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu, nikavifungia kwenye mkoba. Siku ya Krismasi mbege, pombe yetu ya ndizi, ikatoka. Bibi akachota kwa kata, akaonja yeye kwanza kama mwenye nyumba anavyopaswa, akanipa. Kata ile huzunguka watu wote, na kumkatalia mkubwa aliyekuonjea ni kumwambia humwamini. Nikaikataa mbele za watu. Nilisema tumbo linaniuma.

"Tangu lini mbege yangu ina mdudu?" aliuliza. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilivumilia aibu ile kwa sababu niliamini nimemkinga. Halafu siku tisa mfululizo nikalala naye kitanda kimoja, mlango umefungwa, dirisha limezibwa gunia kwa ajili ya baridi, nakohoa nimemgeukia yeye kwa sababu upande wa pili kuna ukuta wenye unyevu. Akili yangu iliishia kwenye kikombe.

Mwezi wa kwanza nilikohoa damu juu ya kitambaa cheupe nilichofunikia keki ya harusi. Keki nikaitupa, mteja nikamwambia umeme ulikatika. Kesho yake nikaenda kliniki.

Wewe ambaye hujawahi kukaa kwenye mabenchi yale, nikuambie yalivyo. Ya kwetu yalikuwa nje, chini ya mabati, ili hewa ipite. Mnakaa mmeachana, kila mtu anajifanya anasoma simu. Asubuhi ya pili nilimwona jirani yangu wa Soweto, nyumba ya tatu kutoka kwangu, amejifunika mtandio wa njano. Na yeye akaniona. Tukatazama pembeni. Kwa miezi miwili tulikutana pale, tukaambiana shikamoo na marahaba sokoni, na kliniki tukawa kama hatujawahi kuonana. Sasa tunacheka. Wakati ule ningeweza kuingia chini ya benchi.

Majibu yalipotoka muuguzi alinieleza taratibu, akanipa dawa za kumeza miezi sita. Halafu akafungua daftari. "Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Miezi hii umelala chumba kimoja na nani?"

"Sijalala na mtu."

"Krismasi ulikwenda nyumbani?"

"Sikwenda. Nilikuwa na oda nyingi za keki."

Aliinua macho. "Mchaga wewe, Desemba hukupanda?"

"Sikupanda."

Akaandika. Kisha akasema, "Ukimkumbuka mtu yeyote, mlete tumpime. Zaidi mzee au mtoto mdogo. Dawa zipo, hatutozi kitu." Nilimuuliza kuhusu vyombo, kama inatosha kutenga kikombe. Akatikisa kichwa. "Kikombe hakina kosa, mama. Ni hewa. Ni chumba kilichofungwa." Nilitoka pale, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikahesabu zile siku tisa kwa vidole. Ningeweza kurudi ndani. Mlango ulikuwa wazi, yeye bado amekaa na daftari lake. Nikaenda zangu.

Sababu ni hii, na sitaipamba. Bibi akiitwa kupimwa, baba mdogo Elia angejua, maana ndiye mwanawe anayeishi jirani naye. Baba mdogo akijua, ukoo wote ungejua. Na ukoo wangu ukijua, Moshi nzima ingejua kwamba Aika muoka keki ana kifua kikuu. Nilijiuliza ni bibi harusi gani atakata keki iliyotoka kwenye mikono yangu. Hiyo ndiyo hofu iliyonifunga mdomo, hakuna nyingine iliyojificha nyuma yake.

Dawa nilizimeza. Asubuhi, tumbo tupu, mkojo unatoka rangi ya chungwa, magoti yanauma kama ya kikongwe. Mdomoni nilikuwa na ladha ya msumari, sukari siisikii, nikawa namwita binti wa jirani anionjee krimu. Baada ya wiki kadhaa jasho lilikata. Kikohozi kikapungua. Masika yalipoanza, sketi zilianza kunishika tena, na wateja wakaacha kunisifia. Nilishukuru Mungu kwa kila tofali la unene lililorudi.

Baada ya Pasaka baba mdogo alinipigia simu. Katika mazungumzo ya kawaida akasema, "Mama anakohoa sana siku hizi. Nadhani ni moshi wa jikoni."

Nikasema, "Mpe tangawizi na asali."

Niliyasema hayo mimi, mtu mwenye paketi za dawa kwenye kabati. Nikakata simu, nikaendelea kupamba keki. Wiki sita nilijua, nikakaa kimya. Nilikuwa nikiuliza kwenye simu, "Bibi anaendeleaje?" kwa sauti ya mjukuu mwema, na nikiambiwa bado anakohoa nasema ni baridi ya masika, itapita.

Mwezi wa sita bibi alianguka nje ya zizi, mzigo wa majani kichwani. Baba mdogo akampeleka hospitali, wakampima makohozi. Kifua kikuu. Watoto wake waliobaki wakakutana, kila mmoja ana udhuru wake, nani atamuuguza? Nikajitolea kabla hawajamaliza kuuliza. Baba mdogo akanishika bega mbele ya wote, akasema mtoto wa marehemu ndiye aliyeonyesha utu. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikafungasha.

Bibi alikuwa amebaki mifupa na macho. Mwanamke aliyekuwa akibeba mkungu mzima wa ndizi, mimi nilimbeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti nje bila kuhema. Nilimpikia mtori, nikampondea ndizi hadi zikawa laini kama uji wa mtoto, akala vijiko vitatu, akaomba radhi kwa kubakiza. Kilichomuumiza kuliko vyote ni kutema kwenye kopo. Alikuwa analificha chini ya kanga, na mtu akipita anajifanya anashona. Siku moja aliniuliza, "Aika, ugonjwa huu nimeuokota wapi? Sijakaa na mgonjwa mimi."

"Sijui, bibi. Labda sokoni."

"Sokoni sijaenda tangu mwaka juzi."

Nikanyanyuka, nikasema maziwa yanachemka.

Nilikuwa na mwezi mmoja wa kumaliza dawa zangu mwenyewe, nazimezea nyuma ya zizi. Upendo, binti wa baba mdogo, ambaye ni mdogo wangu wa kukua pamoja, alikuja siku moja kutoka Sanya Juu anakoishi na mume wake. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Akafungua mkoba wangu kutafuta sindano, akakuta paketi. Akatoka nazo hadi uani, akaniangalia, machozi yakamjaa.

"Na wewe, dada? Bibi amekuambukiza na wewe?"

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, hapana. Niliinamisha kichwa, na kichwa kilichoinama wao walikisoma ndiyo. Jioni hiyo ukoo mzima ulishajua. Maskini Aika, kumuuguza bibi kumemponza. Hakuna hata mmoja aliyegeuza paketi kutazama nilianza lini.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze kitu. Isale ni mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, una majani marefu ya kijani. Ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani la isale, unampelekea. Aliyepelekewa hakatai. Akilipokea, kosa limekufa, na ni mwiko kulitaja tena. Mdogo humpelekea mkubwa. Sijawahi kuona mkubwa akimpelekea mtoto.

Siku ya tatu baada ya Upendo kuondoka, nilikuwa nafua. Nikamwona bibi anatoka nje mwenyewe, anajishika kwenye migomba, mmoja hadi mwingine, kuelekea mpakani. Nikamwita, akaniashiria nikae. Alichukua muda mrefu. Aliporudi alikuwa na jani la isale mkononi. Alipumzika kidogo, kisha akapiga magoti mbele ya beseni langu, bibi yangu, juu ya maji ya sabuni.

"Mjukuu wangu, nilikulea nikujaze uhai, sasa uzeeni nimekutia ugonjwa. Nimekukosea. Wewe bado una maisha mbele. Nipokee."

Nilipokea. Kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikasema, "Yameisha, bibi." Nikamwinua, nikamfuta magoti. Yeye usiku ule alilala vizuri, asubuhi akaomba mtori mara mbili. Mimi chakula hakikushuka siku mbili, na watu wakasema ni dawa.

Bibi alipona. Kufika Desemba walimpima, wakamwandikia karatasi kwamba amemaliza na hana tena vijidudu. Aliikunja, akaitia ndani ya Biblia, akawa anamtolea kila mgeni. Ila wageni walikuwa wamepungua. Ibada ya jumuiya iliyokuwa ikifanyika kwake ilihamia nyumba nyingine, wakasema ni kwa sababu ya mlima. Mlima ule ulikuwepo tangu enzi za mababu zao. Jirani aliyekuwa akinunua maziwa kwake alipata kwingine pa kununua. Watoto waliokuwa wakipita kuomba ndizi za kuiva wakafundishwa njia ya nyuma. Bibi alikuwa na mazoea ya kuweka chane mezani kwa ajili yao. Zikawa zinaoza, anawapa ng'ombe, kesho yake anaweka nyingine.

Na Upendo, aliyejifungua binti akamwita Furaha, hakumleta mtoto. Kwetu mtoto hupelekwa kwa bibi, akapakatwa, akaombewa, hapo ndipo amefika ukooni. Upendo alipiga simu, alituma picha, alituma kanga. Mtoto hakumleta. Alisema anasubiri akue kidogo mapafu yakomae. Muuguzi alishasema mtu aliyepona hamwambukizi mtu, karatasi ipo, lakini hofu haisomi karatasi. Na kila mtu alikuwa na ushahidi mmoja mkononi: si mmeona alivyomwambukiza Aika?

Ushahidi huo ulikuwa mimi. Nilikuwa naoka keki zangu Soweto, oda zimejaa.

Mwaka uliofuata, msimu wa kuchuma kahawa, nilipanda kumsaidia. Tulikuwa wawili tu shambani. Akasema, bila kunitazama, "Mtoto wa Upendo anatembea sasa. Nimeona kwenye simu ya Elia. Ana miguu ya baba yako." Nikashindwa kuendelea. Nikamwambia yote, kuanzia kikombe hadi daftari la muuguzi, tangawizi na asali, kichwa nilichoinamisha uani.

Hakusimama. Aliendelea kuchuma hadi tawi likaisha. Nilimsikia anahema.

"Nilikupigia magoti," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Ukapokea."

"Ndiyo."

"Ugonjwa si kitu, Aika. Hata hewa ya kanisani ingeniletea. Lakini umekaa unaniangalia nimekuwa kinyaa kwa watoto wa watu." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Ulikuwa unakuja hapa, unakula ndizi zile, unaona zimekaa."

Nikamwambia nisamehe. Akajifunga kikapu vizuri kiunoni. "Krismasi watakuwa hapa wote. Utasimama uwaambie wewe. Nikisema mimi watasema kizee kinamsingizia mjukuu wake. Ukishawaambia, ndiyo urudi kwangu uniombe."

Nikaahidi.

Krismasi ile walikuja wote. Upendo naye alikuja, Furaha yuko mgongoni mwake, akakaa mwisho wa uwanja karibu na gari. Kabla sijasimama, nilimwona bibi ananawa mikono. Alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akajifuta, akajifunga kanga mpya juu ya gauni, akakaa kwenye kiti chake, mikono ameifungua juu ya mapaja. Akanitazama, akaniitikia kwa kichwa, kama anayesema haya, anza.

Nikasimama. Watu wakanyamaza. Nikaona nyuso zao, wake wa binamu zangu, wateja wangu wawili walioolewa kwenye ukoo wetu. Nikasema, "Nashukuru sana kwa baba mdogo na wote mliochangia mbuzi. Tumshukuru Mungu kwa kutufikisha." Wakapiga makofi. Nikakaa.

Bibi alibaki na mikono ile imefunguliwa hadi Upendo alipoaga. Baadaye nilipompelekea chai aliipokea, akasema tu kwamba nyama ilikuwa laini. Hakunigombeza. Sikurudi kumwomba, kwa sababu sikuwa nimetimiza, na nilijipa moyo kwamba kuna Pasaka, kuna Krismasi nyingine. Bibi yangu alikuwa ameishi miaka mingi kiasi kwamba nilimchukulia kama mlima, kila ukiamka upo.

Alifariki katikati ya masika yaliyofuata, mchana, kwenye kiti chake. Alilala tu. Hakufa kwa kifua.

Baba mdogo alinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma mazikoni, kwa kuwa nilikuwa nimekaa naye kuliko wote. Nikauandika. Kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto wanane, ndizi, kahawa. Nilisoma chini ya turubai, mvua inapiga juu, watu wamejaa hadi kwenye migomba. Nilipofika kwenye maradhi, nikasoma kama nilivyoandika: "Marehemu aliugua kifua kikuu, alichoambukizwa na mimi, mjukuu wake Aika, niliyekuwa nimeugua kabla yake nikaficha. Yeye hakuniambukiza mimi, wala hakumwambukiza mtu yeyote. Alipona kabisa, na karatasi yake iko ndani ya Biblia yake. Aliniachia niwaambie haya akiwa hai. Nilimkatalia kwa uoga."

Mchungaji alitazama viatu vyake. Hakuna aliyekohoa, hata aliyestahili kukohoa. Baba mdogo alikuwa amekaa mbele, kofia mkononi. Nilimngoja anitukane. Akasema, "Endelea." Nikaendelea hadi majina ya wajukuu.

Nilipoteza wateja, ndiyo. Si wengi kama nilivyoogopa, na waliobaki ndio wanaonipa kazi hadi leo. Basi wewe uliyejifunika mtandio kwenye benchi, chukua hili moja kutoka kwangu. Daftari likifunguliwa, taja majina yote. Mtaje bibi, mtaje mtoto, mtaje uliyelala naye chumba kimoja Desemba. Dawa utazizoea na mwili utarudi. Mimi mwili wangu ulirudi wote.

Upendo hakunisemesha mazikoni. Mwezi uliofuata alikuja Soweto na Furaha, hakukaa hata nilipomvutia kiti. "Sitaki pole yako," alisema. "Nilimnyima mtoto wangu bibi yake kwa sababu yako, na bibi amekwenda. Utakuwa unakuja Sanya Juu. Utamsimulia mtoto huyu habari za bibi mpaka na yeye aweze kumsimulia mtu mwingine kama aliyemwona. Ukichoka, usije tena kwangu maisha."

Sijachoka. Kila nikipata Jumamosi naenda. Furaha ana miaka mitano na zaidi sasa. Anajua viatu vilivyokaa kapuni hadi kwenye lami. Anajua bibi alivyonusa keki, na akiniona jikoni ananusa na yeye, pua juu. Anajua kwamba bibi akicheka alikuwa anajifunika mdomo kwa sababu ya jino lililokatika. Ananisahihisha nikiruka mahali.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunamenya ndizi uani. Akauliza, "Mimi alinipakata?"

"Hapana," nikasema.

"Nilikuwa nalia sana?"

"Hukulia. Hukuwa na kosa."

"Bibi ndiye alikataa?"

"Bibi alikutaka kuliko kitu chochote."

Akafikiri, ndizi mkononi. Mama yake alikuwa anaanika nguo, nikaona ameacha kuanika.

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu mimi niliogopa kusema ukweli, Furaha."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa watu wasinunue keki zangu."

Akanitazama. Alikaa akingoja nimalizie, kwa sababu alidhani bado kuna jingine.